Mpangaji Alete Cheti cha Kuzaliwa

Tabora, 3 Februari 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umemaliza kupalilia karanga na mgongo umekuachia. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na joto la huku nimeanza kulizoea.

Nimerudi kwenye kalamu kwa sababu simu haitufai tena. Mara ya mwisho nilikupigia ukawa unasema, "Nani? Wewe nani?" nami napiga kelele jina langu hadi majirani wakafungua madirisha. Elieza wa basi la Ulyankulu amekubali kutubebea barua. Yako mwachie yeye, nitaichukua stendi Jumamosi.

Nimepata kazi. Si ya ualimu niliyosomea, hiyo bado nasubiri. Ni kwa dalali wa nyumba anayeitwa Adinani. Ana ukurasa mtandaoni ambao watu elfu ishirini wanaufuata. Ninapiga picha vyumba vitupu na kuandika matangazo yake. Mimi nina chumba Gongoni, kwa mama mmoja wa kwaya anayeitwa Mama Apolinaria. Tuko wapangaji wanne uani. Wote ni wema, na hakuna ninayezungumza naye zaidi ya salamu. Jioni nikifunga mlango najifunika kile kitenge cha marehemu Mama, chenye upindo alioushona kwa uzi wa kufungia tumbaku. Bado kinakwaruza kidevu palepale.

Jambo dogo, Baba. Juu ya bahasha andika Esperansi Dismasi tu. Jina la tatu linawachanganya watu wa huku.

Mwanao,
Esperansi


Ulyankulu, Barabara ya Tisa
18 Februari 2024

Amahoro, amani kwako, mwanangu Esperansi,

Marahaba sana. Mgongo umeniachia, karanga zimepaliliwa, mbuzi mweupe amezaa mapacha na mmoja ni mkorofi kama ulivyokuwa wewe. Namshukuru Mungu kwa kazi uliyopata.

Bahasha nimeiandika ulivyotaka. Mkono ulipofika mwisho wa Dismasi ulitaka kuendelea wenyewe, nikauzuia.

Sasa nisikilize. Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho, na la kulia limeanza ukungu. Dominika iliyopita nilikuwa nasoma somo la kwanza, nikaruka mstari mzima wa Isaya. Martha wa kwaya akanivuta kanzu mbele ya watu wote: "Katekista, umeruka!" Kanisa likacheka, nami nikacheka, ila nilipofika nyumbani sikucheka.

Zahanati wanasema madaktari wa macho watakuja hospitali ya mkoa hapo Tabora baada ya Pasaka, juma la tarehe 8 Aprili. Wanapasua jicho moja, unakaa wiki tatu karibu na hospitali wakikuangalia, ndipo wanapasua la pili. Wanataka mgonjwa awe na mahali pa kulala penye usafi, na mtu wa kumtia dawa. Mtu ni wewe. Mahali ndipo sina. Chumba kimoja na binti yangu mtu mzima siwezi kulala, hilo unalijua bila kuambiwa. Nitafutie kachumba, hata kadogo, karibu na wewe.

Masikio yalishaondoka, Esperansi. Macho nayo yakiondoka, wewe utanifikia kwa mlango gani?

Baba yako,
Dismasi Nimbona


Tabora, 9 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa macho. Barua yako niliisoma stendi nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma tena nyumbani. Chumba nitatafuta. Vyumba ni vingi, ila wenye nyumba wa huku wana mambo yao. Nipe muda kidogo.

Nikueleze kazi ilivyo, maana sina mwingine wa kumweleza. Kabla sijaja, ukurasa wa Adinani ulikuwa umefungiwa siku saba na wenye mtandao. Sababu ni maneno. Mwenye nyumba anasema anachotaka, Adinani anaandika vilevile: dini fulani tu, wenye watoto hapana, wasichana wanaoishi peke yao hapana, watu wa Makazi msijisumbue. Ndiyo, sisi, watu wa makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, wanatuita hivyo mpaka leo. Mtu akalalamika, wakafunga. Wakamwonya kwamba wakikuta tena tangazo linalobagua watu, ukurasa utafutwa moja kwa moja. Ndipo akatafuta mtu aliyesoma.

Nimeyaondoa maneno hayo yote, tangazo kwa tangazo. Mahali pake nimeweka mstari mmoja tu wa masharti, wa adabu, ambao hauwezi kumkasirisha mtu. Ukurasa haujafungiwa tena. Adinani aliusoma mstari ule, akapiga paja: "Mwalimu! Umeusafisha mpaka unang'aa. Hapa hata wao watatupigia makofi!"

Ni mcheshi. Anasema babu wa babu yake aliletwa huku na misafara ya pembe za ndovu, kutoka ng'ambo ya ziwa, na kwamba mji huu hauna mtu ambaye ukoo wake haukufika ukiwa na mzigo kichwani. Nilitaka kumjibu. Nikarudi kwenye matangazo.

Kula vizuri. Usisome gizani.

Mwanao,
Esperansi


Ulyankulu, Barabara ya Tisa
24 Machi 2024, Dominika ya Matawi

Amahoro, mwanangu,

Marahaba. Ni mzima, ila kalamu inaniponyoka nje ya mstari, utaona mwenyewe.

Barua yako nimeisoma mara nne, kwa sababu ya macho na kwa sababu ya furaha. Umeyafuta maneno yale! Nilipofika nchi hii kama mkimbizi mwaka sabini na mbili nilikuwa na miaka kumi, nimeshika shuka la mama yangu kwa nyuma. Tangu hapo nimeyasikia maneno ya namna hiyo kwenye visima, kwenye ofisi, kwenye mabaraza. Sikuwahi kudhani atakayeketi na kuyafuta ni mtoto aliyezaliwa nyumbani kwangu. Jana jioni niliwasimulia Jumuiya. Sikutaja jina lako, ila nadhani uso wangu ulitaja.

Siku zimekaribia. Chumba umekipata? Nijibu kwa basi la Jumamosi.

Baba yako,
Dismasi Nimbona


Ulyankulu, Barabara ya Tisa
21 Aprili 2024

Amahoro, mwanangu,

Nimekaa Jumamosi nne nikimtazama Elieza akishuka mikono mitupu. Nikasema kazi zimekubana, au barua imepotea, au unaumwa. Kama unaumwa, pole. Niandikie.

Nilikuja Tabora, Esperansi. Sikujua nyumba yako ni ipi huko Gongoni, wala sikutaka kuzunguka mji nikiulizia binti yangu kama mbuzi aliyepotea. Martha alinifungulia ukurasa wa bosi wako kwenye simu yake, akanisomea sikioni. Tukafika chumba kimoja cha Gongoni, karibu na hospitali. Tangazo likasema: jua la asubuhi linaingia mpaka miguuni pa kitanda. Nikamwambia Martha, acha, usiendelee, hayo ni maneno ya mwanangu! Uliyaandika darasa la tano, insha ya nyumba yetu, mwalimu akakupa ishirini juu ya ishirini. Nikaona ni kama umeniita.

Sharti lilikuwa moja tu: mpangaji alete cheti chake cha kuzaliwa. Mimi sina, wewe unajua. Ila nina kikubwa zaidi. Nikatia cheti cha uraia wa tajnisi, nilichopewa nilipofanywa raia, kwenye lile faili la plastiki, nikavaa koti langu la siku za ubatizo, nikapanda basi.

Mwenye nyumba ni mama mnene, mpole. Alinipazia sauti mpaka kuku wakakimbia.

"Baba, cheti cha kuzaliwa!"

"Hiki hapa, mama. Kina muhuri wa nchi."

Akakisoma kwa muda mrefu. "Hiki kinasema umeingia. Hakisemi umezaliwa."

"Kwani mama, unaona nimesimama hapa bila kuzaliwa?"

Tulicheka wote wawili. Kisha akanirudishia faili kwa mikono miwili, akasema, "Sharti ni sharti, baba yangu. Si mimi, ni tangazo."

Nililala siku tatu kwenye benchi za hospitali. Siku ya nne daktari alisema hawezi kumpasua mtu asiye na pa kulala, jicho litaoza. Wanarudi tarehe 15 Julai. Alilimulika la kulia, akatikisa kichwa.

Wewe una lugha nzuri. Mwandikie yule mama kwa heshima, umweleze kwamba tajnisi ni uraia kamili. Labda hajui tu.

Baba yako,
Dismasi Nimbona


Tabora, 4 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya changu. Sikuwa ninaumwa. Kazi ilikuwa nyingi.

Nimesikitika sana kwa yaliyokupata. Wenye nyumba wengi siku hizi wanaomba cheti, ni utaratibu umeingia. Kumwandikia yule mama sidhani kama kutasaidia. Nitatafuta kwingine kabla ya Julai.

Nimempa Elieza dawa ya kusafishia macho na miwani ya jua.

Esperansi


Ulyankulu, Barabara ya Tisa
16 Juni 2024

Kwa Esperansi,

Amahoro. Mwandiko huu si wa baba yako, ni wangu, Martha wa kwaya. Katekista hawezi tena kuona mstari. Yeye anasema, mimi naandika. Barua yako fupi nilimsomea, ikabidi nirudie mara tatu kwa kelele, maana anasikia kwa sikio la kulia tu na mpaka umpigie ukelele. Yafuatayo ni maneno yake:

Mwanangu, marahaba. Miwani imefika, ni mizuri, kila mtu ananiita padri wa Dar. Mbuzi mkorofi amekula kola ya koti la ubatizo.

Kuanzia sasa barua zako zitasomwa kwa namna hii. Martha akisoma, nyumba zote za jirani zinasikia, na watoto wanakuja kusimama mlangoni. Kwa hiyo niandikie yale tu ambayo ungependa barabara nzima iyasikie. Sikulaumu. Nakutahadharisha tu, usije ukaaibika.

Kuna neno moja nililisahau katika barua ya Aprili. Siku ile nilipotoka kwa yule mama wa Gongoni nilipita chini ya kamba ya nguo, na kitenge kibichi kikanipiga usoni. Nikakishika ili nipite. Upindo wake umeshonwa kwa uzi wa tumbaku, mshono wa kurudi nyuma, na fundo kila baada ya vidole vitatu. Nimemjua mwanamke mmoja tu aliyeshona hivyo, naye amelala hapa nyuma ya kanisa. Nikasimama kidogo pale. Mlango wa tatu, uliotazamana na kamba, ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nilisema kwaheri kwa sauti, sijui kama ilikuwa kubwa sana, mimi sijisikii.

Mwambie mwenye kitenge kile kwamba fundo la nne limefumuka. Alishone kabla halijaendelea.

Na lile tangazo, nilidhani mstari wa jua tu ndio wako.

Baba yako.

(Mimi Martha nimemuuliza maana ya haya ya kitenge. Ameniambia nikunje karatasi.)


Tabora, 29 Juni 2024

Dada Martha,

Habari za siku nyingi. Asante kwa macho yako na mkono wako. Ninakuomba barua hii uisome kwa sauti kubwa kuliko zote, mlango ukiwa wazi. Waliosimama nje waache wasimame.

Amahoro, Baba.

Leo ni sikukuu ya Petro, aliyeulizwa uani akasema simjui mtu huyu. Ulinifundisha habari yake nikiwa na miaka saba, nikakuuliza kwa nini Yesu hakupiga kelele kumwita. Ukasema nitaelewa nikikua.

Mlango wa tatu ulikuwa wangu. Chumba ulichokuja kuomba kipo ukuta kwa ukuta na changu, na tangazo lake niliandika mimi, lote. Uliposema "Hodi" nilikuwa nimekaa kitandani nachana nywele. Nilijua sauti yako kabla hujamaliza neno. Nilisikia habari ya muhuri wa nchi. Nilisikia mlivyocheka. Nilichotakiwa kufanya ni kuvuta komeo na kusema, "Mama Apolinaria, huyu ni baba yangu." Ni hatua tano. Nilihesabu hatua hizo baadaye, si wakati ule. Wakati ule nilishika kitana kwa mikono miwili mpaka uliposema kwaheri, na ulisema kwa sauti kubwa, Baba, mtaa mzima ulisikia.

Nilikaa Gongoni kwa kusema natoka Urambo mjini. Cheti changu nilisema kimebaki chuoni, wakaniamini kwa sababu ya kusoma kwangu. Na ule mstari wa adabu niliokuandikia, uliowasimulia Jumuiya kwa furaha, ndio huo: mpangaji alete cheti chake cha kuzaliwa. Sikufuta maneno yale. Niliyaficha. Cheti kina jina la mtu, jina la baba yake, na nchi aliyozaliwa baba yake. Mwenye nyumba anakisoma mlangoni, anachagua, na hakuna wa kumlalamikia. Adinani aliponipigia makofi alielewa hivyo, na mimi nilielewa kabla yake. Nilikuwa najua mstari ule ungemzuia nani. Nilidhani mtu huyo hatakuwa na uso.

Nimemwambia Mama Apolinaria. Alikuwa anachambua mchele.

"Yule mzee wa faili?" akaniuliza. "Baba yako mzazi?"

"Ndiyo, mama."

"Na ulikuwa ndani?"

"Nilikuwa ndani."

Akaendelea kuchambua. "Mimi nilimrudisha mtu nisiyemjua," akasema. "Wewe je?"

Hakunifukuza. Aliacha kuniitikia salamu, na wengine uani wakaacha mmoja mmoja, sijui kwa lipi kati ya mawili, kwa nilikotoka au kwa nilichofanya. Sikuuliza. Nililala pale siku nne bila kusikia jina langu mdomoni mwa mtu.

Matangazo yalikuwa arobaini na moja. Niliuondoa mstari kwenye yote, nikaandika badala yake kwamba chumba ni cha yeyote atakayekilipia na kukitunza. Mpaka jioni Adinani alikuwa ameurudisha. "Mwalimu, unataka nile nini?" akasema, tena kwa upole. Nikamwachia simu ya kazi mezani. Kurasa nyingine mbili za mji huu zimeunakili mstari wangu, neno kwa neno. Ninauona kila siku. Nimeziandikia zote mbili, hazijanijibu. Siwezi kuuita urudi.

Sasa niko Ng'ambo, kwa mzee anayeitwa Kasimiri. Nilimwambia majina yangu yote matatu na ninakotoka, nikangoja. Akaniuliza kama napikia mkaa au gesi, kwa sababu mkaa unamharibia dari. Nimeanza kufundisha masomo ya jioni watoto wa mtaa. Nimechukua vyumba viwili. Kimoja nimekiacha kitupu, na usiku kinanizidi, maana nikikohoa chenyewe kinajibu.

Fundo la nne nimelishona. Si zuri kama lake.

Nimekwenda hospitali, nimeandikisha jina lako. Madaktari wanaanza tarehe 15 Julai. Jumamosi ya tarehe 13 nitakuwa stendi tangu asubuhi, upande linaposhukia basi la Ulyankulu. Usipokuja nitaelewa, na Jumamosi inayofuata nitakuwa hapo tena. Nitakuita kwa sauti.

Hili ndilo tangazo la mwisho ninaloandika, Baba. Halipo kwenye ukurasa wowote:

Chumba kimoja, Ng'ambo, hospitali ni mwendo wa nusu saa kwa kuongozana. Choo cha nje, maji ya bomba. Dirisha linatazama mashariki, jua la asubuhi linaingia mpaka miguuni pa kitanda. Chumba cha pili anakaa binti wa mpangaji. Cheti hakitakiwi.

Mwanao,
Esperansi Dismasi Nimbona,
wa Barabara ya Tisa

Dada Martha, jina la mwisho lisome mara mbili.